Mfuko wa Upande wa Kulia

Miezi minane Steinvör hakukanyaga bwawani, naye ni mtu aliyezoea kukaa katika kidimbwi cha maji moto kila asubuhi na wenzake wale wale, iwe mvua, iwe theluji. Ugonjwa ulimnyang'anya titi la kushoto, dawa zikamvimbisha, akapungua, akavimba tena. Kila siku husema kesho nitakwenda, na kesho ikija, miguu hukataa.

Ndipo Eydís, mkaza mwana wake, alipomletea nguo ya kuogelea. Eydís huwashonea wanawake wasiopata ya kuwatosha madukani. Ubavuni aliitia kamba za kulegeza na kukaza, mwili ukinenepa au ukikonda. Na ndani, kifuani, mfuko wa kutia titi la bandia. Steinvör akashukuru, akaifungia kabatini bila kuijaribu. Kioo alikiogopa.

Jumanne akaitoa kabatini, akatoka nyumbani kungali giza. Hesabu yake ilikuwa hii: mlango ukifunguliwa saa kumi na mbili na nusu awe wa kwanza, maana kwa sheria ya bwawa huingii majini kabla hujaoga uchi, sabuni mwili mzima, mbele ya kila aliyepo. Aoge upesi, avae, wamkute amekwisha kujisitiri.

Akaoga mbio mbio, jicho mlangoni. Akaivuta ile nguo juu ya mwili uliolowa. Ikagoma, ikajikunja, akaivuta tena. Akashika titi la bandia, akapapasa mfuko kushoto. Haupo. Akapapasa kulia. Ulikuwa huko, juu ya titi lililobaki.

Eydís hakuwahi kuuliza ni titi gani, wala yeye hakusema. Nyumbani jambo lile walilipita kwa kunyata. Na anayeona haya kuuliza hushona kwa kubahatisha.

Akaivua. Arudi? Akanyoosha mkono achukue taulo, mlango ukafunguka: Oddrún na Dagrún, wenzake wa majini.

"Loo! Huyu si Steinvör?" Oddrún akasema. "Nafasi yako tulishaigawa, bibi wee!" Kisha akamtazama vizuri. "Mbona unatetemeka, shoga? Baridi au sisi?"

"Nguo hii. Mfuko umeshonwa upande sio."

Dagrún, aliyeshona nyavu za samaki miaka thelathini, akaichukua, akaipindua. "Ivae ndani nje. Kulia kutakuwa kushoto."

"Na mfuko utakuwa nje, kila mtu auone!"

"Watauona, ndiyo. Au kaa nyumbani miezi minane mingine, mimi niachwe nisikilize habari za magoti ya Oddrún peke yangu."

"Magoti yangu yamekukosea nini?"

Steinvör alisimama, maji yakimchuruzika. Akaitazama nguo, akautazama mlango wa kwenda nyumbani, akairudia nguo.

"Basi nishikieni," akasema.

Wakaivuta wawili, huku na huku, kama wanaovisha godoro foronya ya mto. Kamba zikakazwa. Titi la bandia likatiwa mfukoni, mishono yote hadharani.

Nje baridi ikamchapa. Kidimbwini walikwisha kuingia wazee wawili wa kiume. Mmoja akamtazama kifuani, akafumbua mdomo.

"Ni titi," Steinvör akasema kabla hajaulizwa. "Sogea."

Mzee akasogea. Steinvör akaingia hadi shingoni, akakaa mahali pake pa zamani.