Nusu Inchi ya Ziada

Mama Pindo alikuwa ameuzamisha mkono kwenye tangi la choo mpaka kiwikoni, akipapasa chini kutafuta raba, na simu ameibana kati ya sikio na bega. Fundi bomba alikuwa anamwambia yuko njiani.

"Njia gani hiyo, baba? Tangu Jumanne uko njiani."

"Dakika kumi tu, mama yangu. Kona ya kwenu naiona hii hapa."

"Basi kona yetu imehama," akasema, akakata simu.

Hakukasirika. Miezi mitatu sasa, tangu mzee, mume wake, azikwe, alikuwa hakasiriki, hacheki, wala halii. Msibani wanawake walimkodolea macho wakingoja alie, na mmoja akamfinya mkono kabisa, kama anamkumbusha. Yeye akaomba kisu, akakaa na wapishi kumenya vitunguu. Hata vitunguu havikumtoa chozi, na mtaa ukasema ulichosema.

Jina la Mama Pindo ni mtaa huohuo uliompa. Alishona miaka arobaini, na alikuwa radhi kulifumua gauni zima, mteja amesimama mlangoni, eti pindo limepanda upande mmoja. Sasa macho yamechoka, anashona kidogo kidogo. Mikono haijachoka.

Choo cha nyumba hii kilikuwa na mambo yake, na mambo yake aliyajua mzee peke yake. Akishaflashi, alikuwa analigonga tangi ubavuni mara mbili, ko, ko, na maji yanakata. Akafa na ujuzi wake. Mama Pindo aligonga mpaka vifundo vya vidole vikavimba, maji yakaendelea kuvuja kuingia bakulini, na kabla ya saa sita mchana tangi la juu ya paa lilikuwa limekauka. Akafunga koki, akaanza kubeba ndoo kutoka uani. Siku ya tatu akateleza.

Hakumwambia mtu. Lakini wiki iliyopita bintiye, mtoto wake wa pekee, alikuja, akaona alama ya kijani kwenye kiwiko, akaona na ndoo.

"Mama, Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na gari. Unahamia kwangu. Kwa choo hiki na ndoo hizi, siku moja nitakuja kukuokota chini."

"Haya," alijibu.

Siku hizi kila kitu alikijibu haya. Gari lilipoondoka ndipo alipogundua kwamba kuna kitu kimoja, kimoja tu, anachokitaka: kubaki humu. Si kwamba nyumba ilimfurahisha. Hakuna kilichomfurahisha. Ila kupakiwa kama gunia la mahindi, hapana. Na kama kosa ni choo, basi choo kitapona kabla binti hajafika. Leo ni Ijumaa.

Vidole vikaipata raba, vikaichomoa. Kumbe chenyewe ni hiki: kiduara cheusi, kilaini, kinachoacha masizi kiganjani. Kazi yake kukaa juu ya tundu la chini ya tangi na kuyazuia maji mpaka yaitwe. Ukingo ulikuwa umelika upande mmoja. Akakifunga kwenye mfuko, akaenda nacho duka la vifaa vya ujenzi.

Mwenye duka akakigeuza, akakinusa hata.

"Mama, matangi ya namna hii yalishaacha kutengenezwa. Nunua choo kipya."

"Mimi nataka raba, wewe unaniuzia choo?"

"Ndiyo hali halisi. Labda uvuke hapo kwa fundi baiskeli, akupe kipande cha tyubu, ukate mwenyewe."

"Kukata?"

"Kukata tu, mama. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kukata najua."

Fundi baiskeli alimchagulia kipande cha tyubu ya lori, kinene, hakina kiraka. Akarudi nacho nyumbani, akakiosha, akakifuta, akakitandaza kwenye meza yake ya kukatia. Akaiweka raba ya zamani juu ya karatasi, akaizungushia penseli, akatoa patani. Akaipiga chaki kwenye tyubu. Halafu akachukua mkasi mkubwa wa vitambaa. Mkasi huo haukuwahi kugusa kitu kingine. Mwaka fulani mzee aliutumia kukatia waya, akanuniwa siku mbili, chakula anawekewa mezani bila neno. Leo ukatafuna tyubu ya lori, na mwenye mkasi hakuona uchungu wowote.

Akaipachika raba mpya mahali pake, akafunga mnyororo wake, akafungua koki. Tangi likajaa. Akaflashi. Maji yakashuka kwa kishindo kizuri, tangi likaanza kujaa tena, na yeye akasimama akisikiliza. Sssss. Yanavuja vilevile, tena zaidi ya mwanzo.

Akachungulia. Raba ilikuwa pana mno, ukingo umegonga bomba la pembeni na kujikunja, tundu halizibiki. Lakini amekata kwa patani! Akaichomoa, akaenda nayo mezani, akaweka patani juu yake.

Nusu inchi. Pande zote, mzunguko mzima, nusu inchi ya ziada, sawasawa kama imepimwa kwa mashine. Mkono wake ulikuwa umeacha akiba ya mshono.

"Sasa nilikuwa naishona na nini?" akaiuliza meza.

Angekuwepo mzee, habari hii ingekuwa imefika sokoni kabla ya jioni. Angecheka mpaka ashike ukuta. Mama Pindo akangoja kicheko chake mwenyewe kije, maana jambo lilichekesha, hilo aliliona wazi. Hakikuja.

Akaketi akate upya. Na hapo, baada ya miaka arobaini, mkasi ukasimama juu ya chaki. Hakuwahi kukata juu ya mstari wenyewe. Nguo usipoiachia nafasi, ikimbana mtu utaipanulia wapi? Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyowafundisha wengine. Akabana pumzi, akaukata mstari katikati ya chaki, taratibu, mpaka alipoanzia.

Safari hii tangi lilijaa, boya likapanda, maji yakakata. Hakuliamini. Akachukua chaki yake ya bluu, akaisugua kwa kisu, ungaunga ukaingia tangini, maji yakawa ya bluu. Akavuta kigoda, akakaa akilitazama bakuli kama rangi itateremka. Alikaa muda wa kutosha kushona mikono miwili ya blauzi. Bakuli likabaki jeupe.

Jumamosi saa nne binti akafika, akaligeuza gari, akalirudisha kinyumenyume mpaka mlangoni, akafungua buti.

"Shikamoo, mama. Hata sanduku hujafunga?"

"Marahaba. Nenda chooni kwanza."

"Sijabanwa, mama."

"Nimesema nenda."

Akaenda. Maji yakasikika yakishuka, yakajaa, yakakata. Binti akatoka akijifuta mikono.

"Fundi amekuja lini?"

"Fundi yuko njiani. Nimetengeneza mimi."

Binti akakaa kwenye kochi, pochi mapajani. Akaitazama raba ya zamani mezani, akamtazama na mama yake.

"Mama, tatizo si choo."

"Tatizo lilikuwa choo. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema choo kwa sababu hicho ndicho kinachosemeka." Akaibana pochi. "Nikikupigia simu, haya. Nikikwambia mjukuu wako anaumwa, haya. Tumemzika baba, wewe unamenya vitunguu. Nimempoteza yeye, mama, na wewe sikuoni. Siku ukianguka nikakuuliza umeumia, utaniambia haya!"

Mama Pindo akatafuta neno. Mdomoni lilikuwa limekaa lilelile moja, akalimeza.

"Sisikii kitu, mwanangu," akasema. "Si kwamba sitaki. Hata yeye namtafuta nimlilie, simpati. Nimekauka."

Binti akaiweka pochi chini. Halafu akavua viatu.

"Basi kaa. Kaa kwako. Sikuchukui tena. Nitakuwa nakuja mimi."

Akajilaza palepale, akageukia ukuta. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri, na haikuchukua muda usingizi ukambeba.

Basi, amepata alichokitaka. Nyumba ni yake, choo kizima, hakuna wa kumpakia. Mama Pindo akangoja kuona kama moyo utasema kitu. Haukusema. Akatoka nje kwenda kufunga buti, maana buti wazi mtaani ni kuwaita wezi.

Viti vya nyuma vilikuwa vimelazwa. Hapakuwa na nafasi iliyotengwa kwa ajili ya sanduku, wala ya masufuria. Katikati palikuwa na blanketi jipya, limekunjwa mara nne kwa ukubwa wa cherehani yake. Pembeni kulikuwa na kamba mbili, na kipande cha godoro kilichokatwa duara, cha kuegemezea gurudumu la cherehani lisigonge bati la gari. Ukingo wa godoro ulikuwa umekwenda upogo, kazi ya mtu asiyejua kukata, aliyekata hivyohivyo. Akaweka kiganja juu yake.

Jirani alikuwa anapita na kikapu cha sokoni kichwani.

"Za asubuhi, Mama Pindo. Unasafiri?"

Akafungua mdomo amwambie hapana. Midomo ikaanza kucheza yenyewe, akashika ukingo wa buti kwa mikono yote miwili. Kilio kilichotoka hakukitambua.

Jirani akatua kikapu.