Yule Hakosi

Sikuwaita. Naomba hilo lieleweke kwanza. Walikuja wenyewe, watu watatu na kelele za watu thelathini, wakajaa kwenye chumba changu cha kushonea, ambacho hata nikiinama kuokota sindano nagonga ukuta kwa makalio.

Mwenyekiti wa tawi la mashabiki, ambaye kazi yake ni fundi bomba, alijiketisha juu ya rundo la jezi arobaini nilizotoka kuzipiga pasi. Mwalimu mstaafu wa hesabu alichukua kiti cha wateja. Wa tatu ni muuza matunda tunayemwita Kipaza, maana akinong'ona, mtaa wa pili wanaitika. Huyo kukaa hajui, alisimama.

Jezi zote zina namba kumi na moja mgongoni, namba ya Ngazi, kijana wetu wa mpira wa kikapu. Ana miaka kumi na tisa, na siku nilipompima suruali na shati ilibidi nipande stuli. Fainali ni keshokutwa. Sasa tangu jana mji mzima hauna habari nyingine: eti Ngazi aliletewa chai ya baridi hotelini, hasira zikampanda, akamrushia mhudumu kikombe.

"Uzushi mtupu!" alisema Kipaza, na vioo vya dirisha vikatikisika.

Mhudumu mwenyewe alikuwa nyuma yao, kwenye cherehani ya pili, akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye jezi. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Wale hawamjui. Kwao alikuwa msichana tu wa kunisaidia, kajifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Chini ya kitambaa kulikuwa na nyuzi tatu za hospitali, tena zimeshonwa hovyo. Ningepewa mimi ile sindano ningemshonea vizuri zaidi.

Na mfukoni alikuwa na karatasi. Meneja wa hoteli ndiye aliyeiandika: kikombe kiliteleza mezani, kikavunjikia ukutani, hakikumgusa mtu yeyote. Atie sahihi, airudishe kabla ya saa kumi, na kazi yake ipo. Asipotia, asirudi tena. Saa yangu ya ukutani ilisema saa tisa na dakika kumi.

Basi niseme ukweli, mnione nilivyo. Mimi nilitaka atie. Asubuhi nilimwambia, "Mdogo wangu, kidonda kitapona wiki ijayo. Kazi nyingine utaipata wapi?" Akaitia karatasi mfukoni, akachukua mkasi. Nikajiona nina busara kweli kweli.

Mwenyekiti alikohoa, akafungua kikao bila hata kuniomba chumba. "Ajenda ni moja. Hizi jezi tunavaa au hatuvai?"

"Kwanza tujue kama kafanya au hakufanya," alisema Mwalimu, akachomoa daftari. Mzee huyu anaandika kila mpira ambao Ngazi anaurusha, tangu yuko timu ya shule. "Mitupo huru msimu huu, mia moja na arobaini. Iliyoingia, mia moja thelathini na moja."

"Yule hakosi!" alinguruma Kipaza.

"Hapo hapo! Watu wanasema alirusha, kikombe kikampita mhudumu, kikagonga ukuta. Yaani alikosa. Kutoka meza mpaka mhudumu ni hatua tatu. Ngazi, hatua tatu, akose kitu kikubwa kama mtu? Haiwezekani. Kwa hiyo hakurusha."

Jamani! Na huyu kafundisha watoto wa watu miaka thelathini na tano.

Mwenyekiti alitaka ushahidi wa macho. Akanyakua tepu yangu ya kupimia, akapima hatua tatu, urefu wote wa chumba, akalisimamisha sanamu langu la kuvalisha nguo karibu na mlango, kisha akachukua vikombe vyangu vitatu vya plastiki. Cha kwanza kikagonga pasi. Cha pili kikampata Kipaza sikioni, akapiga yowe kama kachinjwa. Cha tatu kikatokea dirishani, na huko nje mtu akatutukania ukoo mzima.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Ndiyo, nilicheka.

"Mnaona?" Mwalimu alikuwa anaandika kwa furaha. "Mtu wa kawaida hukosa. Ngazi hakosi. Ukuta umegongwa, basi aliyerusha ni mtu wa kawaida."

"Ni yule mhudumu mwenyewe!" Kipaza alidakia, bado kashika sikio. "Kakivunja, kaogopa kukatwa mshahara, kamsingizia mtoto wa watu. Mabinti wa siku hizi wanatafuta umaarufu tu!"

Kicheko kilinikauka. Nikamtazama mdogo wangu. Mkasi ulikuwa umesimama mkononi. Nilifungua mdomo niseme, nikaufunga. Nikaufungua tena, nikasema, "Nani anataka maji?" Ndiyo ujasiri wote niliokuwa nao.

Mdogo wangu aliinuka. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti."

"Hesabu yako haina kosa. Yule hakosi." Akafungua kitambaa. "Ukuta uligongwa na vipande."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Kipaza alisema kitu ambacho sikukisikia. Mwalimu aliutazama uvimbe na zile nyuzi, akalifunga daftari, akalikalia. "Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Nisamehe."

Mwenyekiti naye alijipangusa jasho. "Binti, hakuna anayekataa, umeumia. Lakini fainali ni keshokutwa. Huwezi kusubiri mpaka Jumapili? Hotelini wakikupa karatasi yoyote, tia sahihi, tucheze, halafu tutakusindikiza wote kulalamika."

Hapo damu ikanichemka. "Wewe!" nilimrukia. "Shuka juu ya nguo zangu! Huna haya? Mtoto kapasuliwa uso, wewe unawaza mpira? Toka! Toka kabla sijakushona huo mdomo!"

"Usimfokee, Dada," alisema mdogo wangu.

Alikuwa keshaitoa ile karatasi, anaikunja vizuri, mahali pa sahihi pakiwa peupe. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Yeye angalau kasema ni kwa ajili ya fainali. Wewe uliniambia ni kwa ajili ya kazi yangu."

Akatoka kichwa wazi, kidonda nje nje, kumrudishia meneja karatasi yake. Niliona aibu. Wale watatu walinitazama kama vile wanangoja nijitetee. Nilitafuta viatu chini ya cherehani, nikapata kimoja, nikakiacha, nikamkimbilia peku. Alikuwa keshafika kona, na nilipomwita hakugeuka.