Gobore la Wote

Kitongoji chetu, huku nyuma ya Pongwe, kina watu wa dini sana. Kukifiwa, hata waliogombana jana hushika jeneza pamoja. Na jeneza la msikiti hakuna alichezeaye. Mtoto akilisogelea huchapwa. Ndiyo maana wanaume wetu wakaona hapana pahala pema pa kufichia gobore kuliko humo ndani yake.

Gobore lilikuwa la kulindia mahindi, maana nguruwe pori wakishuka hawaachi hata bua. Hapakuwa na mwenyewe. Walipokezana kwa zamu, na Mwinyijuma, mwenyekiti wetu, ndiye aliyeshika ufunguo wa banda la jeneza. Serikali ilipotangaza kwamba mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe, wala hataulizwa kitu, Mwinyijuma alituita mkutanoni, akalisoma tangazo lote kwa sauti, kisha akauliza, "Haya, nani hapa ana bunduki?" Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kila mtu alijua lipo. Mahali lilipolazwa, sisi wanawake hatukuambiwa.

Suleimani alikuwa mume wa mwanangu Nasra. Alimwacha mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi. Eda ilipokwisha akamtaka tena, Nasra akakataa. Basi Suleimani akawa kila akikaa penye kahawa anasema, asiponirudia nitamzika. Wenzake wanamsikia, wanakunywa kahawa. Nikaenda kwa Mwinyijuma.

"Dada Mwatumu," akaniambia, "hayo ya mtu na mkewe, sisi twaingiaje?"

"Si mkewe tena."

"Hasira za mwanamume hizo. Zitapoa."

Zamu ya Suleimani ilipofika, akapewa gobore kama mwenziwe yeyote. Asubuhi yake alikuja nyuma ya nyumba yangu, Nasra anachuma kisamvu, akampiga nalo kifuani.

Mimi ni mwosha. Maiti za wanawake wa hapa zimepita mikononi mwangu, na yeye nilimwosha mwenyewe, sikumwachia mtu. Jeneza lilipoletwa nikainama kulitandika vizuri. Mbao zilikuwa na madoa ya mafuta ya chuma, na zanuka baruti. Nikaelewa papo hapo. Nikamshika Mwinyijuma kanzu.

"Gobore lilikuwa likilala humu?"

"Usitie fitina msibani, Mwatumu. Muombee mwanao."

Wakamlaza mwanangu pale pale lilipokuwa limelala gobore, wakamnyanyua. Mwinyijuma alishika mbele, na alivuta tahlili kwa sauti nzuri, sitamdhulumu.

Mahakamani kila aliyeulizwa silaha ilitoka wapi alisema hajui. Hajaiona, hajaisikia. Wanaume wazima, ndevu zimekaa, wanamwapia Mungu. Suleimani peke yake ndiye aliyesema kweli, kwamba gobore ni la kitongoji kizima, na nani atamsikiliza muuaji? Nami nikasimama nikaeleza yale madoa.

"Bibi, hilo gobore uliliona ndani ya jeneza?" wakili akaniuliza.

"Niliona mafuta yake."

"Nakuuliza gobore."

"Sikuliona."

"Ahsante. Kaa."

Suleimani akahukumiwa kunyongwa. Sikumlilia. Lakini waliporudi wakaja kwangu kumsomea Nasra hitima, nikaona namna wanavyokula ile pilau, kwa nafasi, kama watu waliotua mzigo. "Haki imetendeka," Mwinyijuma akasema. Nilitamani kumtia lile sinia usoni. Mmoja anakwenda kunyongwa, na waliomkabidhi silaha wananawa mikono wanaomba chai.

Mvua zikaja, mahindi yakabeba, nguruwe wakashuka. Usiku mmoja nikasikia mlio shambani. Kesho yake mlio tena, upande mwingine. Lile lililomuua mwanangu polisi walikwisha kulichukua. Basi hili ni jipya, na lina zamu.

Sikusema na mtu. Nilingoja mpaka Bi Samiha alipofariki, bibi wa watu, kwa uzee wake. Wanaume walikuwa makaburini wanachimba. Nikamwambia mke wa Mwinyijuma nipe ufunguo, nataka kitanda cha kuoshea. Akanipa, kwani mwosha ananyimwa kitanda? Nikaingia bandani nikafunua jeneza. Lilikuwamo, limefungwa gunia, jipya, linang'aa mafuta. Mara hii niliona gobore.

Nikawaachia wenzangu maiti, Mungu na Bi Samiha wanisamehe. Nikaliviringisha mkekani, nikapanda bodaboda hadi kituo cha polisi.

"Shikamoo mama," sajini akaniamkia.

"Marahaba, mwanangu." Nikaufungua mkeka juu ya meza yake.

Akasimama. "La nani hili?"

"La kitongoji. Lilikuwa ndani ya jeneza la msikiti."

"Kitongoji siwezi kukitia pingu, mama. Msamaha ulikwisha zamani. Aliyekutwa nalo ni wewe."

"Nenda kawaulize wenyewe!"

Akaenda, sitasema hakwenda. Akakuta jeneza liko njiani na Bi Samiha ndani yake, limefunikwa vizuri, na watu nyuma wanalia. Akawauliza walipotoka makaburini, wakasema si lao. Mficha maradhi kilio humuumbua, walisema wazee. Hawa vilio viwili vimewapita, hawajaumbuka.

Nikashitakiwa kwa kumiliki silaha bila kibali. Na siku ya ushahidi, jamani, walijaa! Wale wale wasiojua kitu kesi ya Nasra sasa wana macho na masikio. Huyu aliniona nikilitoa nyumbani kwangu. Huyu alinisikia nikiapa kulipiza kisasi. Mwinyijuma alikuja na kanzu ileile ya msibani.

"Nililiona kwa macho yangu mawili, Mheshimiwa," akasema. "Kwapani kwake, ndani ya mkeka."

Hakimu akaniuliza kama nina swali kwa shahidi. Nikashika ukingo wa kizimba.

"Mwinyijuma, na lile lililomuua Nasra, uliliona?"

Alinitazama kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, kisha akamgeukia hakimu.

"Lile, Mheshimiwa, sikuliona."