Krimu na Siagi

Mwaka ule wa sabini na mbili, chai ilipolipa vizuri, Mzee Omwenga alirudi kutoka Keroka na mikebe miwili ya rangi, krimu na siagi. Mmoja ulikuwa wa nyumba yake, mwingine wa nyumba mpya ya mwanawe. Bonareri, mke wa mwanawe huyo, alikuwa akihangaika tangu alfajiri. Kesho yake, Sabato, mama yake mzazi angekuja kuona kwa mara ya kwanza bintiye ameolewa wapi. Na jua la Ijumaa hiyo likishazama, Sabato imeanza, hakuna wa kugusa brashi.

Fundi Onsongo alipaka vibao viwili, Bonareri akavitoa nje hadi uani, akaviweka mbali kidogo na mzee, kwa adabu.

"Hawa ni mapacha," mzee akasema. "Onsongo, changanya, upake nyumba zote mbili."

"Hata mimi sioni tofauti, na ndiyo kazi yangu!" Fundi akainua mkebe tayari kumimina.

Sebule ya Bonareri ilitazama migomba, mwanga ukiifikia umeshachoka. Alikwisha kuvijaribu vibao mle ndani, akaona tofauti. Lakini angemwonyeshaje? Kwa mila, mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hachungulii dirishani. Na mke wa mwana habishani na baba mkwe.

"Tata," akamwita baba mkwe kwa heshima, macho chini, "hapa nje zinafanana. Ndani hazifanani."

"Kumbe rangi nayo ina tabia mbili, kama watu?" mzee akauliza.

Mzee akavuta kigoda hadi karibu na mlango, akaketi akiupa mgongo. "Haya, niazime macho."

Bonareri akaingia mbio, akaegemeza vibao ukutani. "Krimu ni kama uji wa jana, Tata! Uliofanya utando!"

"Na siagi?"

"Ndizi mbivu, ndiyo kwanza unaimenya! Hata kona ya nyuma kuku anapotagia naiona!"

"Mnalaza kuku sebuleni?" fundi akadakia.

"Nyamaza, wewe!" Bonareri akamkemea kutoka ndani.

Mzee akacheka hadi kigoda kikayumba. "Kwangu jua huingia bila hodi. Nitakunywa huo uji. Siagi ipake hapo, Onsongo, na uharakishe!"

Brashi ikaanza kukimbia.

"Tumepita dirisha, Tata!"

"Na juu ya mlango?"

"Bado!"

"Msiupunje mlango!"

Mzee hakugeuka hata mara moja. Alitazama michai yake, shingo imemsimama kama mtu anayesikiliza mpira redioni.