Kamera Isiyoonesha Nyuzi

Wanafunzi wa chuo cha uuguzi walimwita Bi Umeona. Jina hilo alilijua, na alilipata kihalali. Kwa miaka ishirini na sita alisimama kando ya hadubini, rula mkononi, foleni ya wanafunzi ikipita mbele yake. Mwanafunzi anainama, anachungulia. Bi Umeona anauliza, "Umeona?" Mwanafunzi anajibu, "Nimeona, Mwalimu." Haya, mwingine. Sekunde nne kwa kila mtu, na hata hizo nne alizitoa kwa kinyongo, maana wanafunzi walikuwa hamsini na watatu na hadubini iliyobaki nzima ilikuwa moja.

Hakuna aliyewahi kusema hajaona. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Walimu wenzake walilalamika kwamba vijana wa siku hizi ni wazito, naye aliwasikiliza kwa huruma ya mtu aliyeshiba. Kwenye mlango wa maabara alikuwa amebandika karatasi yenye maandishi makubwa mekundu, KUULIZA SI UJINGA, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeuliza kitu. Alichukulia kwamba wote wameelewa.

Balaa lilianzia kwenye geti. Geti la chuo lilikuwa limebabuka rangi hadi likaonekana lina ukurutu, na fungu la fedha lililobaki mwaka huo lilitosha jambo moja tu. Mkuu wa chuo alitaka rangi. Bi Umeona alitaka kamera ya hadubini, ile inayopeleka picha kwenye televisheni ili darasa zima lione kwa pamoja.

"Mwalimu, foleni yako inakula asubuhi nzima," Mkuu alimwambia ofisini. "Tupate kamera ya bei nafuu, sawa. Tukikosa, tufundishe kwa picha za ukutani, hadubini tuifunike. Na wewe tutakupa bweni."

Kupewa bweni maana yake ni kugawa magodoro na kupokea malalamiko ya kunguni. Bi Umeona alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, na hakuwa amepanga kuimaliza akifukuzana na kunguni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba huyu Mkuu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alimfundisha yeye mwenyewe kushika slaidi bila kuichafua kwa vidole, leo ndiye anayemtishia.

"Niletee kamera Alhamisi nizione kwa macho yangu," Mkuu alisema. "Nikiridhika, natia sahihi hapo hapo."

Kamera zililetwa na mkwewe, mume wa binti yake mkubwa, mwenye duka la vifaa vya umeme. Dukani kwake mkwe huyu alisifika kwa mdomo. Aliweza kumuuzia mtu feni wakati wa baridi, na mtu akaondoka akishukuru. Lakini mbele ya mama mkwe ulimi wote uliyeyuka. Hakukaa mpaka aambiwe, hakunyanyua macho juu ya kola ya koti jeupe la mama huyo, na kila alichoulizwa alijibu, "Kama Mama atakavyo."

"Ipi nzuri kati ya hizi tatu, mwanangu?"

"Kama Mama atakavyo."

"Nakuuliza wewe mwenye duka!"

Mkwe alikohoa, akaziambia kamera zenyewe, maana kumwambia mama mkwe alishindwa. Ya kwanza ndiyo ya bei ya chini. Unachomoa lenzi moja ya macho, unachomeka kamera mahali pake, waya unakwenda moja kwa moja kwenye televisheni, basi. Ya pili ilikuwa ghali kidogo na ilitaka programu yake, programu ilitaka intaneti, na intaneti ya chuo ilitaka maombi. Ya tatu ilikuwa ghali kweli kweli, yenye megapikseli kumi na nane zilizoandikwa kwa dhahabu ubavuni.

"Watu wanakimbilia hizo namba, Mama," mkwe aliiambia ile kamera ya tatu. "Kwa darasa namba siyo kitu. Picha ikiwa kubwa mno, kompyuta ya zamani inaelemewa."

Alhamisi saa nne Mkuu aliingia maabara akiwa na matroni wa chuo, mama mnene mchangamfu, naye pia mwanafunzi wa zamani wa Bi Umeona, wa darasa moja na Mkuu. Mkuu alimtazama mkwe na begi lake, akasema kwa sauti ya utani ambao si utani, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Mkwe aliinamisha kichwa kana kwamba amebarikiwa.

Bi Umeona alikuwa ameandaa utando wa kitunguu, mwembamba, uliotiwa tone la ayodini. Alichomeka kamera ya kwanza, akawasha televisheni. Skrini nzima ikajaa seli, zimepangana safu kwa safu mithili ya ukuta wa matofali, rangi ya asali, na ndani ya kila tofali kidoa kimoja cha duara. Alisogeza slaidi, picha nayo ikasogea papo hapo. Alijisikia raha hadi akasahau kunguni.

"Mnaona wenyewe," alisema.

Mkuu alisogelea skrini. Alitazama juu, akatazama chini, akatazama kwenye pembe. Kisha akauliza polepole, "Na zile nyuzi?"

"Nyuzi gani?"

"Zile nyuzi, Mwalimu. Nyeusi."

Kabla Bi Umeona hajafungua kinywa, matroni alipiga makofi. "Eeeh! Zile nyeusi zilizopinda! Ukitulia zinatulia, halafu zinacheza!"

Mkuu alimgeukia matroni, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyekutana na ndugu yake stendi ya mbali. "Wewe pia uliziona?"

"Nisizione kwa nini? Si zilikuwepo?"

Kuanzia hapo hakukuwa na wa kuwazuia. Kamera ya pili ilipowekwa, baada ya intaneti kuombwa na kubembelezwa, matofali yakatokea, nyuzi hazikutokea. Kamera ya tatu ikawekwa. Hiyo ukisogeza slaidi leo, picha inasogea kesho. Walisubiri wote wakiwa wamekunja mikono. Matofali yakaja yakijivuta, makubwa, yenye kila mkunjo, na hata uzi mmoja haukuonekana.

"Megapikseli kumi na nane," Mkuu alisema kwa masikitiko, "zimeshindwa kuonesha kitu ambacho mimi nilikiona kwa macho yangu mwenyewe nikiwa na miaka ishirini."

"Za siku hizi ni feki," matroni alimuunga mkono.

"Mwalimu, nakuheshimu. Lakini siwezi kutia sahihi kwa kitu kinachoficha. Kesho fundi rangi anakuja."

Wakatoka. Bi Umeona alibaki amesimama, rula mkononi. Miaka ishirini na sita ya vitunguu hakuwahi kuona uzi mweusi ndani ya seli. Alichomoa kamera, akarudisha lenzi, akainama kuchungulia, safari hii vibaya makusudi, jicho limebanwa kabisa kwenye kioo kama wanafunzi wanavyofanya wakiwa na haraka, na kile kigurudumu cha pembeni cha kulenga picha akakizungusha ovyo. Matofali yakapotea kwenye mwanga mweupe. Hapo ndipo alipoziona. Nyeusi, zimepinda, zinacheza kila anapopepesa.

Zilikuwa kope zake.

Alikaa kwenye kigoda. Kisha akasimama ghafla, akafungua kabati la madaftari ya mazoezi aliyokuwa akiyatunza kama hati za shamba. Seli za kitunguu zilizochorwa na wanafunzi wa miaka mitano iliyopita, wa miaka kumi, wa ishirini, zote nzuri, zote amezipa vema kwa wino mwekundu. Na kwenye kila mchoro, pembeni chini mkono wa kulia, palikuwa na kidoa kidogo chenye umbo la harage. Alikijua kidoa kile. Kilikuwa doa la wino wa mtambo wa chapa, ukurasa wa kumi na tisa wa kitabu cha darasa. Walikuwa wamenakili kitabu mpaka uchafu wake, na yeye alikuwa amewapa vema mpaka kwenye uchafu.

"Walikuwa wananidanganya," alisema. "Wote! Darasa baada ya darasa!"

Mkwe alikuwa akikunja waya, akitamani ardhi ipasuke imfiche.

"Kwa nini hawakuniambia? Mimi si mtu wa kuambiwa? Sema, mwanangu."

"Kama Mama..."

"Ukisema kama Mama atakavyo nakurudishia mahari yako leo hii!"

Mkwe aliuweka waya chini. Alivuta pumzi ndefu. "Mama, nimeoa kwako mwaka wa sita huu. Kila nikija unanipa chai. Chai ile, Mama, ni sukari tupu. Meno yananiuma mpaka kesho yake. Nimekunywa miaka sita, kila mara vikombe viwili, na kila mara nasema asante."

Bi Umeona alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Kijana wa watu alikuwa anatokwa jasho.

"Vikombe viwili?"

"Unaongeza bila kuuliza, Mama."

Alitaka kukasirika, akaitafuta hasira asiione. Aliiona aibu, na ile aibu ilikuwa yake peke yake. Akili yake, ambayo haikuzoea kushindwa, ilijaribu njia ya panya. Angeweza kunyofoa kope mbili, akaziweka juu ya utando wa kitunguu, akamwita Mkuu tena. Nyuzi zingejaa skrini nzima, sahihi ingetiwa, bweni lingepewa mtu mwingine. Alishika hata kibano. Halafu akawaza darasa la mwaka huu, vijana hamsini na watatu, wakitazama nyuzi kwenye televisheni na kuziandika kwenye madaftari, nao kesho wawe wauguzi wa watu wenye damu na homa. Akakirudisha kibano kwenye trei.

Ijumaa asubuhi, kabla ya fundi rangi kufika, alibisha ofisini kwa Mkuu. "Nakuomba maabara dakika kumi. Peke yako."

Mkuu alikuja akiwa na kalamu mfukoni na uso wa mtu aliyejiandaa kukataa. Bi Umeona alifunga mlango. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yote yalimkimbia, akasema yaliyobaki.

"Nimekuita nikuombe radhi. Zile nyuzi ni kope. Kope zako mwenyewe. Wewe hukukosea kitu. Mimi ndiye sikuwahi kukuonesha namna ya kutazama. Nilikupa sekunde nne na rula, nikakuuliza umeona, na wewe ungejibu nini?"

Mkuu aliitazama hadubini.

"Kaa," alisema Bi Umeona, halafu akajisikia sauti yake, akairekebisha. "Tafadhali, kaa."

Mkuu alikaa. Bi Umeona alimwambia arudishe kichwa nyuma kidogo, asibanane na kioo. Alimwonesha kuyasogeza yale macho mawili ya hadubini yalingane na macho yake, mpaka viduara viwili vya mwanga viwe kimoja. Alimwekea vidole kwenye kigurudumu, akamwambia azungushe taratibu, na yeye mwenyewe akaiweka mikono nyuma asije akamnyang'anya. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya maabara. Mkuu alizungusha akapitiliza, akarudi, akapitiliza tena. Ilipita dakika moja, zikapita tatu. Bi Umeona aliuma midomo, hakuuliza kitu.

Kisha Mkuu akaacha kuzungusha.

Mabega yake, ambayo siku zote yalikaa kama yameanikwa kwenye hanga, yalishuka. Alisogeza slaidi kidogo, akaifuata, akasogeza tena. Nje mtu aligonga akisema fundi rangi amefika, na Mkuu akajibu bila kuinua kichwa kwamba fundi aende zake. Alichomoa kalamu kwa mkono mmoja, akapapasa fomu ya ununuzi mezani, na Bi Umeona akamsogezea penye jina la kamera ya kwanza, ile ya bei ya chini. Sahihi ilikwenda upande, lakini ilikuwa sahihi.

Ushindi ulikuwa huo. Bi Umeona alikuwa akijiandaa kuufurahia pale Mkuu aliposema, macho yakiwa bado kwenye lenzi:

"Mimi nilitaka kuwa mtu wa maabara, Mwalimu. Unajua hilo?"

"Sikujua."

"Nilikuwa naona nyuzi. Wenzangu wote wanasema wameona, nafungua kitabu, kitabuni hakuna nyuzi. Nikajua macho yangu mabovu. Ningekuja kumsomea mgonjwa damu yake vibaya nikamuua. Ndiyo maana nikaenda utawala. Jana matroni aliposema naye aliziona, nilifurahi mno. Nilitaka kamera moja tu inioneshe zile nyuzi, nijue sikuwa na kasoro. Miaka yote hii nilidhani ni mimi peke yangu."

Bi Umeona alitafuta neno. Pole ilikuwa ndogo, na samahani alikuwa ameshaitumia. Machozi yalimlenga na hakuyaficha, maana aliyekuwa naye alikuwa na kazi nyingine machoni. Alivuta kigoda cha pili, akakaa kando ya mwanafunzi wake, akamwambia hakuna haraka, atazame mpaka atosheke.