Sura Iliyobandikwa Mlangoni

Niseme mapema, msije mkachanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa mimi: aliyepigwa risasi na polisi ni kaka yangu, lakini sura iliyobebwa mitaani kwenye mabango ni yangu. Mimi niko hai. Nakula, nalala, napaka rangi kuta za watu, na kila kona ninayokata nakutana na mimi mwenyewe nimeandikwa "marehemu" chini ya kidevu.

Kaka alikuwa kinyozi. Mtaa mzima ulimwita Wembe, hata Mama siku akiwa na furaha naye. Alikuwa na chumba chake cha kunyolea, kiti kimoja cha kuzunguka, vioo vinavyotazamana, na benchi la wanaosubiri, ambao nusu yao hawakuja kunyolewa bali kubishana mpira. Kila alipobuni mtindo mpya aliujaribu kwanza kichwani kwangu, kwa sababu mimi nisingeenda popote kulalamika. Ndiyo maana wakaniita Sampuli. Mtindo mmoja ulimpendeza mno, akanipiga picha, akaipeleka ikachapwa kubwa ya kufunika nusu ya mlango, akaibandika pale nje: mimi, kidevu juu, macho makali, ungedhani nadaiwa na dunia nzima. Yeye mwenyewe hakupenda kupigwa picha. Siku zote ndiye aliyeshika simu.

Jioni aliyouawa alifunga mapema, akashika njia ya nyumbani na mkoba wake wenye mashine ya kunyolea. Polisi walikuwa wanamsaka mwizi wa pikipiki mtaa wa pili. Koplo mmoja akafyatua, kaka akaanguka kando ya ukuta wa shule. Kesho yake polisi wakatoa taarifa kwamba mtuhumiwa alimgeukia askari, akamtazama usoni na kumwelekezea kitu chenye umbo la bastola, askari akajihami. Waliokuwepo wanasema mashine haikutoka mkobani na kaka hakugeuka, alipigwa kwa nyuma. Daktari wa serikali aliandika kwamba risasi iliingia mwilini ikatoka. Ilikoingia na ilikotokea, hilo hakujishughulisha nalo.

Watu wakaanza kuweka maua na mishumaa mlangoni pa chumba cha kunyolea. Akaja mwandishi wa habari, mgeni wa mtaa, akaona maua chini na sura juu, akapiga picha yake akaondoka. Hata ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, ingawa bado nikimpata nitamwambia maneno. Sisi tulikuwa ndani tunalia, simu tumezima. Tulipokuja kuinua vichwa, sura yangu ilikuwa imeshafika miji ambayo mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga.

Niliijua habari hiyo siku ya maandamano ya kwanza. Nilichelewa kutoka, nikajiunga na watu mkiani, nikaona migongo yote mbele yangu imevaa fulana nyeupe, na kwenye kila mgongo nipo mimi. Nilifikiri nimeanza kurukwa na akili kwa majonzi. Mbele yangu palikuwa na dada mmoja analia kwa kwikwi, simjui hanijui. Nikamgusa bega, nikamwambia taratibu kwamba huyo kwenye fulana ni mimi. Akanitazama kwa huruma nyingi, akanipa maji yake ya chupa ninywe.

"Ndiyo, kaka yangu," akasema. "Sote ni yeye."

Sasa mtu kama huyo unamjibuje? Nilikunywa maji, nikaendelea kutembea, nikidai haki ya Wembe kwa sauti kubwa huku nimezungukwa na mimi.

Wakili aliyejitolea kutusimamia, binti mdogo aliyekuwa ameshakauka sauti kwa kuongea na vyombo vya habari, alikuja kuketi na sisi sebuleni. Shangazi, ambaye hana breki, alitaka itangazwe hapo hapo kwamba picha si yenyewe, kijana wake si bango la mtu. Wakili akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatueleza kwamba upande wa polisi unatafuta ufa wowote wa kupenyeza mkono. Wakisikia kwamba hata sura ya marehemu tumekosea, watauliza mengine yote tumekosea mangapi. Akaomba tumpe picha halisi ya kaka, aibadilishe ile ya mabango polepole, bila kelele.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba hatuna. Kitambulisho chake kilikuwa polisi, simu yake iko polisi, vimezuiwa kama vielelezo. Tulipekua kabati lote. Tukapata picha ya shule, kichwa chake kidogo kama punje ya dengu, tena nusu imefunikwa na bega la mwalimu. Tukapata ya harusi ya binamu yetu, Wembe ameshika sahani na amempa mpiga picha kisogo. Tulikuwa na vyombo vyake, nguo zake, viatu vyake, hata harufu ya pafyumu yake bado ilikuwa kwenye mto, lakini sura hatukuwa nayo. Wakili aliinama akashika kichwa.

Basi likapitishwa kwamba mimi nijifiche. Shangazi ndiye aliyetoa amri: nifuge ndevu, nivae kofia, nisionekane onekane mpaka tume ya uchunguzi iliyoundwa baada ya maandamano imalize kazi. Nilikasirika sana. Anayestahili kujificha ni aliyeua, na yeye alikuwa anakwenda kazini kila siku na sare yake imepigwa pasi. Lakini nilichokitaka kilikuwa kitu kimoja tu, Koplo akiri mbele ya watu kwamba alimpiga kaka yangu kwa nyuma, na kama kunyamaza kwangu kungelileta hilo, ningefuga ndevu mpaka magotini.

Kazini, fundi mwenzangu aliyenijua tangu zamani alinikaribisha kwa kuniuliza huko ahera kukoje, na je, kuta za huko zinahitaji rangi. Nilicheka mpaka nikashika ngazi. Halafu kicheko kikageuka bila kunitaarifu, nikajikuta nalia juu ya ndoo ya rangi, naye amesimama na brashi hajui aiweke wapi.

Lakini yote hayo si kitu mbele ya hili: nilianza kumpoteza Wembe. Nikifumba macho nimtafute, anakuja Sampuli, kidevu juu. Nilikumbuka mikono yake, sauti yake, alivyokuwa akipuliza nywele shingoni mwangu akimaliza kunyoa. Nikipanda juu kidogo, kwenye uso, nakutana na bango. Nilitaka kumuuliza Mama kama na yeye yanamkuta, nikaogopa. Mama alikuwa amepewa bango moja na waandamanaji akalitundika sebuleni, kwa sababu angelikataa angeonekana vipi? Asubuhi moja nilimkuta analifuta vumbi kwa kitambaa, analisemesha polepole, analiita Wembe. Nilisimama mlangoni, mzima wa afya, nikajionea wivu.

Tume ilikaa katika ukumbi wa mikutano wenye viti vya plastiki na mafeni yanayolia. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mama mmoja mtulivu aliyependa kuuliza swali lile lile kwa namna nyingine. Nje umati ulikuwa unaimba, na kila mlango ulipofunguliwa jina la kaka liliingia kidogo kisha likafungiwa nje. Sisi tulikaa safu ya mbele. Mama katikati, Shangazi kulia kwake, na fulana aliyoivaa shingo upande, yenye mimi kifuani, na mimi kushoto, na kofia yangu na ndevu zangu.

Akaletwa Koplo. Nilikuwa nimejiandaa kuona jitu. Akaingia kijana wa makamo yangu, kola ya shati inampwaya, jasho juu ya mdomo. Hilo nalo likanichanganya, nikakosa mahali pa kuiweka hasira niliyokuja nayo. Alitoa maelezo yake kwa ufasaha, neno kwa neno kama yalivyokuwa kwenye taarifa ya polisi, mtu akamsimamisha, mtu akakimbia, mtu akageuka. Mwenyekiti akamuuliza kama ana uhakika aligeuka. Akasema anao. Akamuuliza kama kulikuwa na mwanga wa kutosha. Akasema ulikuwepo, walitazamana kabisa.

Hapo wakili wa Koplo akaona apigilie msumari wa mwisho. Akainuka, akanyoosha kidole kifuani kwa Shangazi, akamuuliza Koplo kama mtu aliyemgeukia jioni ile ndiye yule.

Koplo alitazama ile fulana. Alitazama kwa makini, hakukurupuka.

"Ndiye," akasema. "Ile sura siwezi kuisahau. Yale macho, mpaka leo nikilala nayaona."

Nitasema ukweli, mimi mwanzoni sikuelewa. Nilijiuliza, huyu mtu nilikutana naye wapi? Nikaanza kuitafuta jioni ile kichwani, nilikuwa wapi, nilikuwa juu ya ngazi, napaka korido ya zahanati rangi ya maziwa, sasa kanionaje? Ilibidi mkono wa Mama unikaze goti mpaka uniume ndipo nikashtuka. Koplo hakuwahi kuiona sura ya kaka yangu. Hakugeukiwa na mtu. Alipiga mgongo, kisha akaazima uso kwenye bango.

Niligeuka kumtafuta wakili wetu. Alikuwa amekodoa macho, anatikisa kichwa kidogo sana: kaa chini. Nikamwelewa. Nikisimama, kila mtu aliye nje na fulana yake atajua kwamba amemlilia mtu aliye hai, na magazeti yatatupika wiki nzima. Nisiposimama, uongo wa Koplo unatoka ukumbini na sura yangu. Sikuamua, na asinisifu mtu, maana miguu ndiyo iliyoamua, nami nikajikuta nimesimama na kofia nimeivua.

"Mheshimiwa," nikasema, "huyo wa kwenye fulana ni mimi."

Ukumbi ukapasuka kwa minong'ono. Mwenyekiti akavua miwani, akaivaa tena, akaniuliza mimi ni nani, na kama mimi ni mimi, aliyekufa ni nani. Nikajieleza, vibaya, nikianza na mlango nikarudi kwenye mtindo wa nywele, nikarukia ngazi niliyokuwa juu yake jioni ile, nikasahau kusema kwamba mimi ni mdogo wake mpaka Shangazi akanichomekea. Wakili wa Koplo alikuwa ameshasimama, anasema kwa furaha kwamba umma umelaghaiwa, kwamba familia hii ilitembeza picha ya uongo nchi nzima. Watu wakaanza kutugunia. Mtu wa nyuma akauliza kwa sauti kama basi na maiti tuliazima. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Wakili wetu aliinuka polepole. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, ikabidi ukumbi unyamaze wenyewe ili umsikie. Hakubishana na mwenzake. Alimgeukia Koplo akamuuliza swali moja, kwamba ikiwa macho anayoyaona akilala ni ya huyu aliyesimama hapa, aliyekuwa juu ya ngazi jioni ile, basi ya yule aliyempiga aliyaona saa ngapi?

Wakili wa Koplo akamnong'oneza kitu, Koplo hakukisikia. Alikuwa ananitazama mimi, ndevu, paji la uso, macho, halafu fulana ya Shangazi, halafu mimi tena. Nami nilimtazama. Nilikuwa nimengoja sana kuona uongo ukimwisha mtu mdomoni, na nilidhani nitafurahi. Sikufurahi.

Alipofungua mdomo, hakuongea na Mwenyekiti wala na mawakili.

"Sasa yeye alikuwaje?" akaniuliza.

Sijui kama alijua kipaza sauti kiko wazi. Neno lilikwenda ukumbi mzima. Mwandishi wa tume akaacha kuandika. Wakili wake akajitupa kwenye kiti kama aliyekatwa miguu.

Nikataka kujibu. Mungu ananiona, nilitaka kujibu kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikafumba macho kumwita kaka yangu, akaja Sampuli. Nikajaribu tena. Watu wananingoja, na aliyemuua ananingoja, na mimi niliyelala naye chumba kimoja tangu utoto sina hata pua ya kuwapa. Nililia pale pale nimesimama, wala sikujua namlilia nani.

Mama akainuka. Mwenyekiti hakumzuia. Alinishika kidevu, akanigeuza uso ukamwelekea Koplo, akaanza kuonyesha kwa kidole, kwa sauti ile ile anayotumia kumweleza fundi nguo anayoitaka.

"Anza na huyu," akasema. "Ndevu toa, yeye hakuwa nazo. Rangi ongeza, alikuwa mweusi zaidi. Pua hii hii, ila pana kidogo. Hapa juu ya nyusi alikuwa na kovu, alianguka ngazini akiwa mdogo. Mdomo wake ulikuwa hauishi kutaka kucheka." Kidole chake kikafika kwenye macho yangu kikasimama. "Macho yalikuwa madogo. Ya upole. Si kama haya."

Koplo akainamisha kichwa.

"Mtazame," Mama akamwambia. "Siku ile hukumtazama."

Koplo hakuinua kichwa. Mama naye hakuniachia. Nilibaki hivyo, nimeshikwa kidevu mbele ya watu wote, ndevu zangu zimetolewa, pua yangu imepanuliwa, kovu lisilo langu linaniwasha juu ya nyusi, nikijaribu kuyafanya macho yangu yawe madogo.