Barua Iliyoombewa

Tangu darasa la nne nimefundishwa kwa Kiingereza. Hesabu kwa Kiingereza, kilimo kwa Kiingereza, hata namna ya kukamua ng'ombe, ambaye mwenyewe hakijui. Ukijisahau ukasema Kikamba uwanjani, mwalimu Kagwe alikuvalisha kipande cha mbao shingoni, ukakaa nacho mpaka umnase mwenzako mwenye kosa kama lako. Mimi nilikivaa mara mbili tu, halafu nikashika adabu.

Sasa nielezwe kwa nini chuo kimoja cha Ohio, baada ya kunikubali na kunipa ufadhili wa kuanza Januari 1997, kiliniandikia kwamba lazima kwanza nifanye mtihani wa kuonyesha kama najua Kiingereza. Mwalimu Kagwe alikuwa ameniandikia barua nzuri, yenye muhuri wa shule, kuthibitisha kwamba nimesoma kwa lugha hiyo miaka yote. Wakajibu kwamba barua yake haitoshi. Matokeo ya mtihani huo, TOEFL, yawafikie kabla ya tarehe mosi Desemba, la sivyo nafasi yangu apewe mwingine. Mtihani ambao matokeo yake yangewahi tarehe hiyo ulikuwa mmoja tu, Nairobi, Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Oktoba. Nikajiandikisha. Kilichobaki ni kungoja tikiti ya kuingilia, ije kwa posta.

Na posta yetu ilikuwa ya kanisa. Kwetu Ngoliba hakuna aliyekuwa na sanduku lake, kwa hiyo barua za kijiji kizima zilikwenda kwenye sanduku la kanisa lililoko posta ya Thika. Mwalimu Kagwe, ambaye pia ni mzee wa kanisa, ndiye aliyeweka ufunguo. Kila Jumanne alikwenda kuchukua barua, na Jumapili baada ya ibada akayasoma majina. Sisi ni Waislamu, hatukuwepo majina yakisomwa, lakini za kwetu tuliletewa na Njambi jirani. Haikupotea hata moja tangu baba, marehemu Ibra, akiwa hai.

Habari ya mtihani sikumwambia mwalimu. Ningemwambiaje kwamba barua yake na muhuri wake vimekataliwa? Mama pia sikumwambia. Angemwambia Njambi, na Njambi angeiambia Ngoliba yote kwamba Amida aliyepata A ya Kiingereza anarudishwa kwenye mtihani. Nilisema tu kwamba nangojea barua ya Amerika. Hicho ni kiburi changu, na nakitaja mapema ili nisionekane nawalaumu wengine peke yao.

Aliyejua ni Shiko peke yake. Ni mwenye duka la kutaipu na fotokopi pale Gitothua, Ruiru, nilikofanya kazi na kulala chumba cha nyuma.

"Ai! Na hiyo Kiingereza yako yote?" aliniuliza. "Mimi customer akileta barua imenishinda si ni wewe naita? Hao watu wanataka nini tena?"

"Waulize wao."

Wiki ya mtihani ikaingia bila barua. Nikawa sili. Alhamisi niliomba ruhusa, nikaenda posta ya Thika, karani akachungulia sandukuni akasema ni tupu, mwenye ufunguo alilisafisha juzi. Nikafurahi sana, maana basi barua yangu ilikuwa Ngoliba tayari, kwa mwalimu. Sikungoja hata kunywa chai, nikashika njia ya Ngoliba.

Nilimkuta mama uani akipepeta ndengu.

"Mama, barua yangu imekuja?"

Ungo ukasimama. "Barua gani?"

"Ya Amerika! Mwalimu si alienda Thika Jumanne?"

"Hakuna barua," akasema. "Nimemuuliza mwenyewe." Akainama kuokota kijiwe kwenye ndengu, na nikamwona anatabasamu.

Hasira zikanipanda. "Ni nini ya kucheka, mama?"

"Sicheki, mami. Itakuja tu. Uko na haraka ya nini?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalinifika kooni: ni kesho kutwa, mama, nisipoipata leo nimekwisha. Badala yake nikamwambia, "Wewe huwezi kuelewa," nikageuka nikaenda zangu. Mama yangu hakuwahi kunidanganya hata siku moja, kwa hiyo sikujisumbua kubisha kwa mwalimu, na nyumba yake niliipita njiani.

Jumamosi nilikwenda Nairobi hivyo hivyo, na pasipoti yangu na penseli zangu mbili. Mtu wa mlangoni alikuwa na orodha, na jina langu nililiona kwa macho yangu, nikamwonyesha kwa kidole.

"Tikiti," akasema.

Nilimwomba kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa machozi. Hakuwa mtu mbaya. Alinivutia kiti nikae, halafu akaufunga mlango, na nikawasikia wenzangu ndani wakiambiwa wafungue karatasi.

Shiko alinikuta kitandani na viatu miguuni. Nilitamani kufa, nasema wazi, na nilimwambia hivyo. Alinivua viatu. Kisha akaniambia kwamba Njambi amepita dukani akaacha ujumbe: mama anasema kesho nisikose nyumbani, na nivae vizuri.

"Siendi."

"Utaenda. Hapa na hii hasira utaniulia nani?"

Jumapili mama alikuwa amevaa leso mpya na harufu ya udi. Alinishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanipeleka kanisani, nami sikuwa na nguvu hata ya kuuliza. Ilikuwa siku ya kuwaombea watahiniwa wa kidato cha nne. Kila mwaka, kabla ya mtihani, watoto huleta kalamu na rula zao, zinawekwa ndani ya ungo mbele ya madhabahu, zinaombewa, kisha kila mmoja anachukua yake. Ungo ulikuwa umejaa, na juu ya kalamu ilikaa bahasha ndefu nyeupe yenye stempu ya Amerika.

Nikamgeukia mama.

"Mwalimu aliniambia Jumanne," mama akaninong'oneza, anacheka kimyakimya. "Tukasema ikae iombewe na kalamu za watoto, halafu upewe mbele ya watu. Hiyo Alhamisi karibu unijue! Dua ni dua, mami, hata ya jirani."

Mwalimu Kagwe aliita jina langu. Watu wakapiga makofi, nikapita katikati yao na mtandio wangu.

"Huyu ni wetu," akasema, "awe wa msikiti, awe wa kanisa. Na hakuna mtu amefungua hii barua, tumeiheshimu. Amida, fungua uisome, hawa watahiniwa wasikie Kiingereza inasomwa aje."

Ningeweza kukataa. Nilimwona mama amesimama kwa ncha za vidole vya miguu ili anione, nikafungua. Nikasoma jina langu, nambari yangu, mahali pa mtihani, tarehe na saa. Nikasoma kwamba asiye na karatasi hii hataruhusiwa kuingia kwa sababu yoyote ile. Nilisoma yote bila kukwama, nikipumzika kwenye kila nukta kama mwalimu alivyonifundisha. Nilipomaliza kanisa lililipuka kwa makofi, Njambi akapiga vigelegele.

Mwalimu Kagwe hakupiga makofi. Aliichukua karatasi mkononi mwangu, akaisogeza karibu na miwani, akasoma tarehe, akaisoma tena. Kisha akakaa polepole kwenye benchi la watahiniwa, katikati ya watoto.

Makofi yalikuwa yanaendelea. Mama akapenya mpaka mbele, uso umelowa machozi ya furaha.

"Sasa sema na Kiswahili, mami, na sisi tusikie. Wamesema uende lini?"

Watu wakanyamaza wasikie.

"Jana, mama," nikasema. "Wamesema niende jana."